Kupima ekstrakti za miti dawa dhidi ya bakteria: mwongozo kwa anayeanza

Kila mwaka mvua zinapokatika hapa Dodoma na wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanapoanza kuhangaikia miradi yao, maswali yanayonijia ni yale yale: nitumie kiyeyushi gani, ekstrakti niiyeyushe vipi, mbona sahani yangu haina duara (eneo tupu kuzunguka dawa ambapo bakteria hawakuota), mbona ya mwenzangu ina maduara hata pasipo na dawa. Nimeyajibu kwa mdomo miaka mingi, mtu mmoja mmoja, mara nyingi nikiwa nimesimama mlangoni mwa maabara, na majibu ya mlangoni husahaulika upesi. Kwa hiyo nimeyaandika hapa kwa mpangilio, kuanzia siku unapokwenda porini kuchukua gome hadi siku unapoandika matokeo.

Ninaposema ekstrakti nina maana ya kile kinachobaki baada ya majani, gome au mizizi kulowekwa katika kiyeyushi, kuchujwa na kukaushwa. Ninaposema kidhibiti nina maana ya kile unachokipima sambamba na dawa yako ili ujue kama kipimo chenyewe kinasema kweli. Neno hili la pili utalikuta mara nyingi, kwa sababu kazi nyingi nilizoona zikirudishwa hazikurudishwa kwa ubaya wa mti bali kwa kukosa vidhibiti.

Mwongozo huu ni wa kufanyia katika maabara ya mikrobiolojia yenye msimamizi, otoklevu (chombo cha kutakasa kwa mvuke wa presha) inayofanya kazi na utaratibu wa kuteketeza taka. Usioteshe bakteria nyumbani wala hostelini, hata kama una sahani moja tu.

Kabla hujaanza

Anza na ruhusa. Mti ulio ndani ya hifadhi ya msitu unahitaji kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na ulio katika ardhi ya kijiji unakupeleka kwanza kwa mtendaji wa kijiji. Kama ulielekezwa na mganga wa tiba asili, huyo ndiye mwenye ujuzi, na mnapaswa kukubaliana naye mapema ni yapi yataandikwa na ni yapi yatabaki kwake. Waganga wanatambuliwa na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Na. 23 ya mwaka 2002, kwa hiyo usimchukulie kama mpita njia aliyekuonyesha mti. Mrudishie matokeo, hata yakiwa mabaya. Wengi wetu hatufanyi hivyo, na ndiyo sababu mlango wa mganga hufungwa anapokuja mwanafunzi wa mwaka unaofuata.

Kisha chagua mti kwa sababu inayoelezeka. Wengi hukimbilia mwarobaini kwa kuwa uko nje ya bweni, lakini mwarobaini umepimwa mno duniani kote na utapata shida kusema jambo jipya. Katika Dodoma na Singida kuna miti mingi inayotumiwa na watu kila siku kwa vidonda, meno na tumbo: mzoka, ambao kitaalamu ni Cassia abbreviata, mjafari, mkwaju, mbuyu, mswaki na jamii ya migunga. Uliza sehemu gani ya mti hutumika na huandaliwa vipi. Ikiwa mganga anachemsha mizizi, wewe ukapima majani kwa heksani, umepima kitu kingine kabisa.

Hivi ndivyo vitu vya kuwa navyo mezani kabla ya siku ya kwanza: mizani inayosoma miligramu, kinu au mashine ya kusaga, ethanoli au methanoli ya maabara, karatasi za kuchujia, mashine ya kuvukiza kiyeyushi kwa joto la chini, DMSO (kiyeyushi cha kuyeyushia ekstrakti kavu), agari na mchuzi wa Mueller-Hinton (chakula cha bakteria, kigumu na cha majimaji), sahani za petri za milimita 90, vijiti vya pamba vilivyotakaswa, kitoboleo cha milimita 6, pipeti za maikrolita pamoja na ncha zake, inkubeta (kabati la joto la kuoteshea bakteria), rula au kalipa, na sahani yenye vishimo 96 kwa hatua ya pili ya kipimo. Kwa upande wa bakteria, anza na aina za rejea zinazojulikana tabia zake: Staphylococcus aureus ATCC 25923 na Escherichia coli ATCC 25922 (ATCC ni hazina ya Marekani inayotunza bakteria wa rejea). Bakteria waliotoka kwa wagonjwa waje baadaye, kwa kibali cha maadili, ukiwa umeshaumudu mkono wako. Maji yawe yaliyokenekwa. Maji ya bomba ya hapa kwetu yana chumvi nyingi, na ukiyatumia kutengeneza agari unabadilisha kipimo bila kujua.

Kutoka porini hadi kwenye chupa

1. Hakikisha jina la mti. Chukua tawi lenye majani na, ikiwezekana, maua au matunda, ulibane katikati ya magazeti, uandike tarehe, mahali, jina la kienyeji na jina la aliyekuonyesha, kisha ulipeleke kwa mtaalamu wa mimea. Sampuli ya kudumu inaweza kuhifadhiwa katika chuo chako au katika hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) ya taifa iliyoko Arusha. Usiandike jina la kitaalamu kwa kulitafuta mtandaoni kutokana na jina la kienyeji. Neno mgunga peke yake hubeba aina kadhaa za miti ya miiba, na ile ya Afrika iliyokuwa ikiitwa Acacia sasa imegawanywa katika Vachellia na Senegalia, kwa hiyo maandishi ya zamani na mapya hayafanani.

2. Chukua kidogo, na usiuvue mti mzima. Mzee mmoja wa upande wa Mvumi alinionyesha anavyochukua gome la mzoka: alikata kipande kisichozidi upana wa kiganja, upande mmoja tu wa shina, akakibandua kwa ncha ya panga polepole hadi kikaachia, kisha akachota udongo wenye unyevu na kuupaka juu ya jeraha la mti kama mtu anayesiliba ukuta. Mti ule bado upo. Gome likizungushwa shina zima, chakula kinachotoka kwenye majani hakifiki tena kwenye mizizi, na mti hufa taratibu. Kwa kazi yote iliyoelezwa hapa gramu 300 za gome bichi zinatosha.

3. Osha haraka, kausha kivulini. Hewa kavu ya Dodoma kuanzia Juni ni neema, kwani majani hukauka kwa takribani wiki moja na gome kwa wiki mbili, lakini upepo huo huo unaleta vumbi, na vumbi lina fangasi. Tandaza kwenye karatasi safi ndani ya chumba chenye hewa, ufunike kwa chandarua chepesi. Usianike juani wala juu ya bati. Pima uzito kila baada ya siku mbili, na sampuli itakuwa imekauka uzito usipopungua tena.

4. Saga iwe unga wa wastani. Unga laini mno huziba karatasi ya kuchujia na utakesha ukisubiri tone. Safisha kinu kwa ethanoli kati ya mti mmoja na mwingine.

5. Loweka. Weka gramu 50 za unga katika chupa, mimina mililita 500 za ethanoli ya asilimia 70 hadi 80, funga, na uache kwa saa 72 mahali pasipo na mwanga mkali, ukitikisa mara kwa mara. Kwa anayeanza napendekeza ethanoli yenye maji kwa sababu inatoa kemikali za aina nyingi na haina sumu kali kama methanoli. Tengeneza pia ekstrakti ya maji, kwa kuwa ndiyo inayofanana na dawa anayokunywa mgonjwa. Ila ifahamike kwamba ekstrakti ya maji huharibika haraka: iloweke kwa saa chache tu, au ichemshe kama anavyofanya mganga, kisha igandishe na kuikausha ikiwa bado katika barafu.

6. Chuja, kwanza kwa kitambaa cha pamba, halafu kwa karatasi ya Whatman namba 1. Vukiza kiyeyushi kwa joto lisilozidi nyuzi 40 za Selsiasi. Hapa ndipo penye kosa lililonigharimu mimi mwenyewe. Katika mradi wangu wa kwanza nilipata duara la milimita 17 kwa ekstrakti ya methanoli ya gome la mkwaju, nikafurahi, nikalipiga picha. Msimamizi wangu aliniuliza jambo moja tu: chupa ya ekstrakti ilikuwa na uzito gani jana, na leo ina uzito gani? Sikuwa na jibu. Tulipoipima siku tatu mfululizo uzito uliendelea kushuka, maana yake methanoli ilikuwa bado imo. Ekstrakti ilipokauka kweli, duara lilibaki milimita 9. Tangu hapo sianzi kupima kabla uzito wa chupa haujakaa palepale siku mbili. Tena huwa napitisha kiyeyushi kitupu, kisicho na mti, katika njia yote ya kuloweka, kuchuja na kuvukiza, na kile kinachobaki nakipima kama kidhibiti.

7. Piga hesabu ya mavuno. Gawanya uzito wa ekstrakti kavu kwa uzito wa unga, zidisha kwa 100. Gramu 50 za unga zikikupa gramu 6, mavuno ni asilimia 12. Hifadhi ekstrakti katika chupa ya rangi ya kahawia, kwenye jokofu la nyuzi 4, ukiwa umeandika jina, sehemu ya mti, kiyeyushi na tarehe.

Kuandaa sahani na bakteria

8. Takasa kwa presha inayolingana na mahali ulipo. Agari ya Mueller-Hinton kwa kawaida ni gramu 38 kwa lita moja ya maji, nayo hutakaswa kwa nyuzi 121 kwa dakika 15. Kwenye otoklevu ndogo zenye geji tu, vitabu vinasema pauni 15 za presha, lakini tarakimu hiyo imeandikwa kwa mtu aliye usawa wa bahari. Dodoma ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi, na geji ikisoma 15 joto la ndani huwa chini kidogo ya 121. Peleka geji hadi pauni 17 hivi, iwapo chombo chako kimeruhusiwa kufika hapo. Kama hakiruhusu, ongeza muda. Tumia utepe wa kuhakiki utakasaji kila mara. Nimeshuhudia kundi zima la wanafunzi likilaumu pipeti zao kwa wiki mbili, kumbe tatizo lilikuwa presha.

9. Mimina agari ikiwa imepoa hadi nyuzi 45 mpaka 50, yaani unapoweza kuishika chupa mkononi bila kuungua. Unene wake uwe milimita 4, sawa na takribani mililita 25 kwa sahani ya milimita 90. Unene ukizidi, dawa inazama chini na duara linakuwa dogo. Ukipungua, duara linakuwa kubwa kwa uongo. Meza iwe imenyooka. Acha sahani mbili bila kitu chochote, uziweke kwenye inkubeta usiku kucha: zikiota chochote, kundi lote la sahani hizo halifai.

10. Andaa bakteria kwa wingi unaojulikana. Chukua makoloni matatu hadi matano ya usiku mmoja, uyakoroge katika maji ya chumvi ya asilimia 0.85 yaliyotakaswa, hadi ukungu wake ulingane na kipimo cha McFarland 0.5, ambacho ni takribani seli milioni 150 kwa mililita. Kama huna kipimo cha kununua, kitengeneze: mililita 0.05 za bariamu kloridi ya asilimia 1.175 pamoja na mililita 9.95 za asidi ya salfuriki ya asilimia 1. Kitikise kabla ya kukitumia, kwa sababu ungaunga wake mweupe hutuama. Linganisha mirija miwili mbele ya karatasi yenye mistari myeusi. Usikadirie kwa macho bila kipimo, hata kama umezoea.

11. Paka ndani ya dakika 15. Chovya kijiti cha pamba, kikamue kwenye ukuta wa mrija, upake sahani yote, uigeuze sahani nyuzi 60, upake tena, kisha mara ya tatu, umalizie ukingoni. Iache ikauke dakika 3 hadi 5, mfuniko ukiwa juu yake.

Kipimo cha kwanza: vishimo

12. Yeyusha ekstrakti. Pima miligramu 100, weka mililita 1 ya DMSO, tikisa hadi pasiwe na chembe. Hiyo ndiyo akiba yako, miligramu 100 kwa mililita. Kwa kipimo cha vishimo, chukua sehemu moja ya akiba uiongezee polepole sehemu nne za maji yaliyotakaswa, upate miligramu 20 kwa mililita katika DMSO ya asilimia 20. Ikichafuka na kuweka mashapo, usiichuje kisha ukaendelea kusema ina miligramu 20. Punguza mkusanyiko na uandike tarakimu mpya.

13. Toboa na ujaze. Toboa vishimo vya milimita 6, visivyozidi vitano kwa sahani, umbali wa angalau sentimita 2.5 kutoka kimoja hadi kingine. Nyanyua kipande cha agari kwa upole ili kingo zisichanike, kwani ekstrakti ikipenya chini ya agari huleta duara lisilo na umbo. Kishimo cha milimita 6 katika agari ya milimita 4 kinabeba takribani maikrolita 110, kwa hiyo weka maikrolita 50 na usijaze hadi kumwagika. Kwa ekstrakti ya miligramu 20 kwa mililita utakuwa umeweka miligramu 1 katika kishimo. Vishimo vitatu ni vya ekstrakti, kimoja ni cha DMSO ya asilimia 20 peke yake, na mahali pa tano weka kidonge cha karatasi chenye maikrogramu 10 za antibiotiki ya gentamisini.

14. Acha sahani mezani dakika 30 ili dawa ianze kusambaa, kisha iweke kwenye inkubeta ya nyuzi 35 hadi 37 kwa saa 16 hadi 18. Vishimo vina majimaji, kwa hiyo usiigeuze sahani juu chini kama ulivyozoea.

15. Soma vidhibiti kabla ya dawa yako. Gentamisini ya maikrogramu 10 inatakiwa kutoa milimita 19 hadi 27 kwa S. aureus ATCC 25923, na milimita 19 hadi 26 kwa E. coli ATCC 25922. Ikitoka nje ya hapo, sahani hiyo haina ushahidi wa kutoa, hata kama duara la mti wako limependeza kiasi gani. Kishimo cha DMSO kisiwe na duara. Kikiwa nalo, punguza DMSO na urudie. Baada ya hapo pima duara la ekstrakti kwa milimita kutokea nyuma ya sahani, pande mbili zinazokatana, ukihesabu na kishimo chenyewe. Milimita 6 maana yake ni hakuna kitu. Rudia kipimo chote siku tatu tofauti, kwa bakteria wapya kila siku. Vishimo vitatu vya sahani moja havihesabiwi kuwa marudio matatu.

Kosa kubwa katika kusoma, nalo ni la kila mwaka, ni kuchukua jedwali la antibiotiki linalosema milimita kadhaa ni bakteria anayetibika na kulitumia kwa ekstrakti. Jedwali lile lilitengenezwa kwa dawa moja safi, kwa kipimo kinachojulikana, likihusishwa na kiwango cha dawa hiyo katika damu ya mgonjwa. Ekstrakti ni mchanganyiko wa mamia ya kemikali, na baadhi yake haziwezi hata kutembea ndani ya agari. Kwa sababu hiyo hiyo usilinganishe duara la mzoka na la mjafari ukatangaza kwamba mmoja una nguvu zaidi: huenda kemikali zake ni nyepesi tu kusambaa. Tumia vishimo kuchuja ipi iendelee na ipi isubiri. Nguvu yenyewe hupimwa katika hatua inayofuata.

Kipimo cha pili: kiwango cha chini kinachozuia

16. Weka maikrolita 100 za mchuzi wa Mueller-Hinton katika vishimo vyote nane vya safu wima moja ya sahani yenye vishimo 96. Chukua akiba ya miligramu 100, uizimue mara 25 kwa mchuzi upate miligramu 4 kwa mililita. Weka maikrolita 100 zake katika kishimo cha juu, changanya kwa kuvuta na kuachia pipeti mara tano, hamisha maikrolita 100 kwenda kishimo cha pili, na uendelee hivyo hadi cha nane, kisha zile 100 za mwisho uzitupe. Badilisha ncha ya pipeti kila kishimo. Anayetumia ncha moja hadi mwisho hubeba dawa ya juu kuipeleka chini, na mti wake huonekana wa ajabu.

17. Zimua bakteria wa McFarland 0.5 mara 150 (mililita 0.1 ndani ya mililita 14.9 za mchuzi) upate takribani seli milioni 1 kwa mililita, kisha weka maikrolita 100 kwa kila kishimo. Sasa kila kishimo kina takribani seli 500,000 kwa mililita, na ekstrakti inaanzia miligramu 1 kwa mililita juu, ikipungua nusu kwa nusu hadi takribani maikrogramu 8 chini. DMSO katika kishimo cha juu ni asilimia 1, kiasi ambacho bakteria wengi hukivumilia.

18. Tenga safu nyingine kwa vidhibiti: mchuzi mtupu, bakteria bila dawa, bakteria wenye DMSO ya asilimia 1, gentamisini iliyozimuliwa kwa namna ile ile, na ekstrakti bila bakteria. Hicho cha mwisho hurukwa na wengi, nacho ndicho kitakachokuokoa katika hatua ya 19.

19. Baada ya saa 18 kwenye inkubeta, weka maikrolita 40 za chumvi ya INT (iodonitrotetrazoliamu) yenye miligramu 0.2 kwa mililita, urudishe kwenye joto kwa dakika 30 hadi saa 2. Bakteria walio hai huigeuza kuwa nyekundu ya waridi. Njia hii ilienezwa na Eloff wa Afrika Kusini mwaka 1998, nayo inatufaa sana kwa sababu ekstrakti zetu nyingi zina rangi nzito na ukungu hauonekani kwa macho. Kishimo chenye dawa kidogo kabisa ambacho hakikuwa chekundu ndicho kiwango cha chini kinachozuia. Ila ekstrakti zenye tanini (kemikali za mimea zinazogandisha protini) nyingi zinaweza kuigeuza rangi hiyo zenyewe, bila bakteria yeyote. Kidhibiti cha ekstrakti peke yake kikiwa chekundu, usisome kwa INT. Chota tone kutoka kila kishimo ulioteshe kwenye agari.

20. Andika matokeo kwa adabu. Watafiti wengi wa miti dawa huona kiwango kilicho chini ya miligramu 0.1 kwa mililita kuwa cha kutia moyo, na kilicho juu ya miligramu 1 kuwa dhaifu. Andika kwamba ekstrakti inazuia ukuaji wa bakteria fulani katika maabara. Usiandike kwamba inatibu, na usimwambie hivyo aliyekuuliza kijijini, kwa sababu hujapima sumu yake wala hujui mwili unaifanyia nini. Kinachoua bakteria kinaweza kuua na seli za figo.

21. Takasa kwa otoklevu sahani zote ulizotumia kabla ya kuzitupa, kisha futa meza kwa ethanoli ya asilimia 70, kichomeo kikiwa kimezimwa.

Unapokwama

Hakuna duara popote, hata kwa gentamisini. Vidonge vimeharibika kwa joto, au bakteria ni wengi mno. Angalia jokofu kwanza, maana umeme ukikatika mwisho wa juma hakuna anayejua. Kisha tengeneza upya kipimo cha McFarland.

Gentamisini inafanya kazi lakini mti hauonyeshi kitu. Usiutupe. Mafuta na kemikali nzito hazisambai katika agari, na zinaweza kuonekana vizuri katika kipimo cha vishimo 96. Kama ni E. coli pekee ndiye asiyezuilika, hilo ni la kawaida, kwani ana utando wa nje unaozuia kemikali nyingi za mimea kupenya. Jibu la hapana kwa E. coli lina haki ya kuandikwa kama jibu la ndiyo kwa S. aureus.

Kila gome ulilochukua linaua kila kitu. Shuku tanini. Hizi hugandisha protini za aina yoyote, na gome la migunga na la mkwaju zinazo kwa wingi. Tia matone machache ya feri kloridi katika ekstrakti iliyozimuliwa: ikiwa ya buluu nyeusi au kijani iliyoiva, zipo. Ziondoe kwa kupitisha ekstrakti katika poliamidi (unga unaonasa tanini), kisha pima tena, ukionyesha matokeo ya kabla na ya baada.

Ndani ya duara kuna vijikoloni vichache. Vichote, uvioteshe peke yake, utazame kama ni bakteria wako au ni wageni. Wakiwa wageni, dondosha akiba yako kwenye agari tupu ujue kama wametoka humo. Wakiwa ni wale wale, wameistahimili dawa, na hilo liandike.

Bakteria wameota kwa mabaka, si kama zulia. Sahani ilikuwa na maji juu yake au kijiti hakikukamuliwa. Kausha sahani kwenye inkubeta dakika 15, mifuniko ikiwa nusu wazi, kabla ya kupaka.

Viwango vinatofautiana siku kwa siku. Kupanda au kushuka kwa kishimo kimoja ni kawaida ya njia hii. Vikizidi viwili, tafuta sababu katika akiba: DMSO huvuta unyevu wa hewa, na ekstrakti iliyokaa kwenye jokofu huweka mashapo. Ilete kwenye joto la chumba, itikise mpaka chini ya chupa pawe safi, ndipo upime.

Matokeo ya mwezi wa kwanza hayarudii mwezi wa sita. Soma tarehe kwenye chupa. Akiba iliyoyeyushwa igawe katika vichupa vidogo vya matumizi ya siku moja, uvigandishe, na kichupa kilichokwisha kuyeyuka usikirudishe kwenye barafu. Ekstrakti kavu ikae imefungwa barabara, na kila miezi mitatu ipime upya dhidi ya S. aureus yule yule, ukiandika tarakimu mpya kando ya ya kwanza.